Kifaa cha kusisimua ubongo: kinachoweza na kisichoweza

Mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko, aliyewekewa kifaa hiki akizimiwa, mtetemeko hurudi, mara nyingi ndani ya dakika chache. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu wengi hutujia wakitarajia upasuaji wa kung'oa ugonjwa. Ugonjwa haung'oki, wala hauachi kuendelea. Kinachotulizwa ni dalili.

Waya wenye elektrodi, unene wa milimita 1.3 hivi, hupitishwa kwenye tundu dogo la fuvu hadi ndani kabisa ya ubongo. Waya mwingine hupita chini ya ngozi ya shingo mpaka kwenye betri iliyowekwa kifuani, chini ya mtulinga. Kutoka hapo hutumwa mipigo ya umeme, kwa kawaida takriban 130 kwa sekunde. Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid na wenzake walionyesha kuwa mipigo ya kasi namna hiyo hutuliza mtetemeko bila kuunguza sehemu ya ubongo, jambo ambalo madaktari walikuwa wakilifanya awali. Kilichounguzwa hakirudi, lakini umeme huweza kupunguzwa au kuzimwa.

Nani anafaa? Kwa Parkinson, dalili zinazotulia levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, inapofanya kazi ndizo zinazotarajiwa kutulia kwa umeme. Mtetemeko peke yake huweza kutii hata pale dawa iliposhindwa. Sauti iliyofifia, kuanguka mara kwa mara na usahaulifu havitarajiwi kupona. Usahaulifu ukiwa mkubwa, ni heri upasuaji usifanyike. Kuna hatari pia ya kuvuja damu kwenye ubongo na ya maambukizi.

Upasuaji ukiisha, kazi ndefu ndiyo inaanza: miezi ya kurekebisha kiwango cha umeme na cha dawa. Ndugu waangalie hasira, huzuni au matumizi ya pesa ya ghafla, maana mgonjwa mwenyewe huenda asiyaone.

Kifaa hutumika pia kwa distonia, yaani misuli kukaza na kujipinda yenyewe, na kwa kifafa kisichosikia dawa. Kwa maradhi ya akili, nawasihi msikimbilie. Marekani iliruhusu mwaka 2009 kitumike kwa wachache wenye mawazo na matendo sugu ya kujirudia. Kwa sonona bado ni utafiti, na matokeo yamegongana.

Ukishawekewa, mwambie kila mtoa huduma, hata wa meno. Tiba ya joto ya diathemia ni marufuku kabisa kwako, na kipimo cha MRI kifanyike tu baada ya aina ya kifaa chako kuhakikiwa.