Tunayoambiana kuhusu misitu ya Lindi na Mtwara, na ukweli wake

"Pori lile limeshakufa, bora tulime ufuta." Utalisikia hili kila Agosti, kuanzia Kilwa hadi Liwale, na kwa macho tu msemaji ana haki: miti imepukutika yote, chini ni nyasi kavu. Lakini miti ya miombo hupukutisha majani ili ivuke kiangazi. Ikifika Septemba au Oktoba, kabla hata tone la mvua halijadondoka, inachipua majani mekundu ambayo baadaye hugeuka kijani. Anayefyeka Agosti anaangusha miti mizima. Na ufuta wenyewe hautulii mahali pamoja: rutuba ikipungua na magugu yakizidi, mkulima anahamia pori lingine.

Kuhusu moto kuna dhana mbili zinazopingana, na zote zina kasoro. Wazee wengi husema moto husafisha pori. Vipeperushi navyo husema usichome kabisa. Kinachoamua ni mwezi. Moto wa Mei au Juni, mvua zikiwa zimeisha karibuni, hukuta nyasi zenye unyevu, hutambaa chinichini na mara nyingi hufa wenyewe usiku umande ukishuka. Ndiyo maana kamati za maliasili za vijiji huchoma mapema, kiraka kwa kiraka, ili moto wa baadaye ukose cha kula. Moto wa Septemba na Oktoba ni habari nyingine. Aghalabu huwashwa na anayesafisha shamba, anayesaka ndezi, au mrina asali aliyeacha kijinga cha moto kikiwaka, nao hubabua yale machipukizi mekundu.

Mpingo mkubwa haufi kwa moto wa siku moja, na hapo ndipo watu hudanganyika. Moto huunguza gome upande mmoja. Miaka inayofuata moto huingia kwenye kovu lilelile, ukachimba ndani. Nje mti umesimama vizuri, ukiupasua unakuta tundu. Mnunuzi wa mbao za klarineti na oboe, ala za muziki za kupuliza, anataka kiini cheusi kisicho na ufa, kwa hiyo gogo hilo halimfai, ilhali mti ulikua miaka 70 au zaidi.

"Mkorosho nao ni mti." Ni kweli, na sina ugomvi na zao linalolipa ada za shule mkoa mzima. Ila chini ya mkorosho tunapalilia pakawa peupe, wakati komba wa Rondo, mnyama asiyefikisha gramu 100, anahitaji msitu wa pwani uliofungamana, kama wa Rondo au Litipo. Shambani hapati pa kuishi.

"Mikoko ni maficho ya mbu tu." Waulize wavuvi wa Ghuba ya Mnazi kamba na samaki wadogo hukulia wapi.

Dhana ninayoiona nzito kuliko zote ni kwamba msitu ni wa serikali, mwanakijiji kazi yake ni kukatazwa. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi kwenye ardhi yake, kikautungia sheria ndogo, kikauvuna kwa mpango na kupata mapato yake. Kule Liwale, msitu wa Angai, wenye zaidi ya hekta 100,000, uko mikononi mwa vijiji. Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, mwaka 2009 misitu yao iliingia kwenye cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri; kilikuwa cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Na walipata cheti hicho wakiwa wanakata miti: wanaihesabu kwanza, wanapima unene mita 1.3 kutoka ardhini, na iliyo chini ya kipimo inaachwa ikue.

Kwa hiyo lori likipita kijijini usiku na magogo, usinyamaze ukidhani ni mambo ya wakubwa. Gogo halali lina alama ya nyundo iliyogongwa na afisa misitu, na dereva ana hati ya kulisafirishia. Mwenyekiti wa kamati ya maliasili anajua aliyepewa kibali, mpigie simu.