Nyama, kaburi na kibla: ninavyoandika habari za waliobadili dini Uchaggani

Nilipata kipaimara katika usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri, huko Old Moshi, nikaja kusilimu nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Kazi yangu ni kuandika juu ya dini na mila za Kilimanjaro, kwa hiyo wasomaji huniuliza maswali mawili kwa mpigo: nilihamaje, na je, aliyehama anaaminika kuandika habari za alikotoka?

La kwanza halina hadithi ndefu. Nilisoma, nikaridhika, nikatoa shahada. Ukimhoji yeyote aliyehama, awe ametoka msikitini kwenda kanisani au kinyume chake, atakupa simulizi lililonyooka namna hiyohiyo, na ukiliandika lilivyo utakuwa bado hujamjua. Majirani nao wana simulizi lao: mwanamume akisilimu, basi kaona mke wa pili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kiasi fulani ndiyo inayoupa uvumi huo nguvu. Ndoa ya Wakristo iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanabaki Wakristo. Mmoja akihama, kufuli hilo limeondoka. Mke wangu aliulizwa habari hizo sokoni kabla mimi sijaulizwa popote.

Siku hizi naanza na nyama. Uchaggani mbuzi wa kikao cha ukoo hagawanywi ovyo: kidari kina mwenyewe, mguu una mwenyewe, na ukikosa fungu lako ujue umeambiwa jambo. Zamani mbuzi wa tambiko alinyongwa, na hadi leo damu huingia kwenye kisusio, supu yetu ya mbuzi. Qurani inaharamisha vyote viwili, mnyama aliyenyongwa na damu. Kwa hiyo Mchagga aliyesilimu hasumbuliwi kwanza na fundisho la Utatu. Anasumbuliwa na nani atashika kisu. Familia nyingi zenye dini mbili zimeshalimaliza hilo bila mhadhara wowote. Anaitwa jirani Mwislamu achinje, ndafu ya harusi (mbuzi mzima wa kuchoma) ikiwemo, na kisusio kinapikwa kwenye sufuria yake pembeni. Kwetu aliyeamua ni shangazi, Mlutheri asiyekosa ibada: “Baba, wewe lete mchinjaji. Mafungu niachie mimi.” Fungu langu halikubadilika. Hapo nilielewa kwamba kwa ukoo nilikuwa bado nimekaa palepale, jambo ambalo barua ya usharika isingeweza kuniambia.

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ni ngumu zaidi, kwa sababu haina mchinjaji wa kuitwa. Wapo wanaopokea kata kwa mikono miwili, wakaipitisha kwa wa pili bila kunywa. Wapo wasiohudhuria kabisa. Nadhani wa kwanza wana hekima, ingawa kuna mashekhe wasiokubaliana nami.

Isale, jani ambalo Wachagga huombea msamaha, halijamsumbua mtu. Baba alipokasirika nilimpelekea jani lake kupitia mzee wa ukoo, kama ambavyo Mlutheri, Mkatoliki au Mwislamu yeyote wa Kichagga angefanya. Mmisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuchapa kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926, alishikilia kwamba kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, si kuvibomoa. Namsoma kwa tahadhari: alikuwa mchungaji mwenye kazi ya kuwabatiza haohao aliokuwa akiwaandika. Lakini hapo kwenye ukoo aliona mbali, na hoja yake inawafaa hata Waislamu ambao hakuwaandikia. Takwimu hazitusaidii kiasi hicho. Sensa yetu haijauliza dini tangu 1967, hivyo anayekutajia leo asilimia za dini za Moshi kwa uhakika, muulize kazitoa wapi.

Halafu kuna kaburi. Wachagga wengi huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, migombani, na masale hupandwa hapo. Mazishi ya Kikristo husubiri ndugu watoke Dar es Salaam. Ya Kiislamu hayapendi kusubiri, na hapo ndipo ndugu hugombana kuliko kwenye mahubiri yoyote. Ajabu ni upande wa kuelekea. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Moshi, imeegemea mashariki kidogo, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nayo iko kaskazini mwa mji. Anayeswali mjini Moshi ameuelekea mlima. Maiti ya Mwislamu hulazwa ubavu wa kulia ikiangalia kibla, na wazee husimulia kwamba zamani, kabla ya misikiti na makanisa, wafu walizikwa wakiangalia Kibo. Siupi ukaribu huo maana ya kiroho, ni jiografia tu. Ila nimeona wazee wawili wa dini tofauti wakisimama juu ya shimo moja, kila mmoja akiridhika na upande kwa sababu zake.

Kuhusu kuaminika, ninachofanya ni hiki: makala inayogusa Walutheri huisoma kwanza mzee wa kanisa aliyebaki, ya Waislamu huisoma aliyezaliwa humo. Na katika mahojiano swali la imani naliweka mwisho. Kwanza nauliza, “Utazikwa wapi?” Waliookoka hunijibu hapohapo. Waliosilimu huanza kunitajia kaka zao, nani ana kihamba na nani anaongea na nani.