Je, wajua kwa nini mbwa aliyepunguziwa chakula huishi zaidi?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu la haraka: mwili ni koroboi, ukishusha utambi mafuta yanachelewa kwisha. Niliposoma kwamba mbwa wa utafiti waliolishwa kidogo waliishi zaidi, nikasema si nilijua, njaa ni dawa. Nilikosea, tena pakubwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1987 kampuni ya chakula cha mbwa ya Purina, huko Marekani, ilianza kufuatilia mbwa 48 aina ya Labrador tangu wakiwa vitoto. Waliwekwa wawili wawili, ndugu wa uzao mmoja. Mmoja alikula akashiba, mwenzake akapewa chakula kilekile, pungufu kwa asilimia 25. Matokeo yalichapishwa 2002: nusu ya walioshiba walikuwa wamekufa kufikia umri wa miaka 11.2, kwa ndugu zao ilikuwa miaka 13.

Hiyo asilimia 25 ndiyo iliyonipoteza. Pungufu ya nini? Si ya mahitaji ya mwili, bali ya sahani ya ndugu yake. Na Labrador ni mlafi wa kutajwa. Takriban mmoja kati ya wanne ana hitilafu ya jeni inayomfanya asitosheke. Madaktari wa mifugo hupima unene kwa alama 1 hadi 9, na mwili mzuri ni 4 au 5. Walioshiba walikuwa na wastani wa 6.7. "Wenye njaa" wangu? 4.6. Yaani niliowaonea huruma ndio waliokuwa sawasawa, na niliowaona wa kawaida ndio vibonge. Mkono wako unaweza kukuonyesha tofauti: nyoosha kiganja, kisha papasa mgongo wa kiganja hicho. Mbavu za mbwa mwenye mwili mzuri huhisiwa hivyo. Ukizitafuta kama unayebonyeza upande wa ndani wa kiganja, huyo kazidi.

Mafuta ya mwilini yana ubaya gani? Fikiria insulini kama mgeni anayepiga hodi kwenye mlango wa seli ili sukari iingie. Nyumba tulivu husikia hodi ya kwanza. Mafuta yakizidi ni kama redio imefunguliwa mpaka mwisho sebuleni: mgeni agonge, agonge tena, na kongosho lizidi kutuma wageni wengine. Damu ya mbwa wembamba ilikuwa na sukari kidogo na insulini kidogo. Hodi moja ilitosha.

Hata hivyo koroboi langu halikuzimika kabisa. Homoni moja ya tezi ya shingoni, inayochochea mwili uunguze nishati, nayo ilikuwa chini kwa wembamba hao. Kwa mbwa 48 wa aina moja, kutenganisha kazi ya mafuta na kazi ya chakula chenyewe ni vigumu. Na mbwa koko aliyekondeshwa na minyoo hayumo humu. Hawa walikula chakula kamili.

Kilichonishangaza zaidi ni nyonga. Picha za eksirei zilianza kuonyesha kusagika kwa nyonga katika nusu ya walioshiba kufikia miaka 6. Kwa ndugu zao, miaka 12. Maradhi yenyewe yalikuwa yale yale, ila yalichelewa kubisha hodi.