Laini ya Simu Ndani ya Paneli ya Pampu: Isajiliwe kwa Jina la Nani?

Ofisi yetu ya Kisumu imekuwa ikipokea malalamiko mengi kuhusu pampu zinazojiwasha usiku, vidhibiti (kompyuta ndogo zinazoendesha pampu) vinavyokataa amri, na mafundi walioondoka na neno la siri. Yanatoka kwenye miradi ya maji ya vijijini, mashamba ya maua ya Naivasha na hata viwanda vidogo vya sukari guru. Wengi wa wanaolalamika walitaka tu kujua kiwango cha maji kwenye tangi bila kumtuma mtu kwa bodaboda kila asubuhi. Hilo ni jambo jema, nasi hatupingi moduli za mawasiliano, yaani vifaa vyenye laini ya simu vinavyounganisha kidhibiti na mtandao. Tunachopinga ni namna zinavyofungwa.

“Mtambo wetu hauko kwenye intaneti, una laini ya simu tu.” Kauli hii tumeichoka. Laini ya data ni intaneti. Ni kweli kwamba laini ya kawaida hutumia anwani moja pamoja na wateja wengine wengi wa kampuni ya simu, hivyo si rahisi kuifikia kutoka nje. Fundi akikwama hapo, huomba anwani ya umma ya kudumu, kisha hufungua poti 502 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba) ili simu yake ifike moja kwa moja kwenye kidhibiti. Poti hiyo ni ya Modbus, itifaki (lugha ya mawasiliano ya mashine) ya mwaka 1979, enzi ambayo mashine zilizungumza kwa waya ndani ya jengo moja. Modbus ya kawaida haiulizi wewe ni nani. Ukiiambia izime pampu, inazima. Na tuache kuambiana kwamba hakuna anayeijua Ahero: programu zinazopekua anwani za dunia nzima hazitafuti mji, zinatafuta poti iliyo wazi.

Novemba 2023, kidhibiti cha kituo cha kuongeza presha ya maji huko Aliquippa, Pennsylvania, kilivamiwa. Serikali ya Marekani ilitahadharisha kuwa vidhibiti vya aina hiyo vilikuwa vimeachwa wazi kwenye intaneti, na neno la siri la kiwandani ni 1111. Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Maroochy, Australia, mwaka 2000. Mtu aliyewahi kufanya kazi na mkandarasi aliyefunga mitambo ya majitaka ya eneo hilo alitumia redio na kompyuta kuipa amri za uongo, na lita zipatazo 800,000 za majitaka zikamwagika kwenye bustani na mito. Alifungwa miaka miwili. Aliufahamu mfumo kwa sababu alikuwa miongoni mwa walioufunga.

Ndiyo maana tukifika kukagua, tunaanza na mlango wa paneli. Mara nyingi neno la siri limeandikwa upande wa ndani kwa kalamu ya wino mzito, antena imefichwa ndani ya sanduku la chuma ambamo mawasiliano hufifia, na laini imesajiliwa kwa jina la fundi. Hili la tatu ndilo baya kuliko yote. Mwenye laini anaweza kuihamisha au kuifunga, na wewe mwenye mtambo huna la kuiambia kampuni ya simu. Laini isajiliwe kwa jina la kampuni au la mradi. Iombewe mtandao wa faragha wa kampuni ya simu, usiofikiwa kutoka intaneti ya umma, au ipitie njia iliyofumbwa ya VPN, ambamo data husafiri kwa msimbo. Kama shida yako ni kusoma viwango tu, funga kabisa amri za kuandika, yaani zinazobadilisha kitu kwenye kidhibiti.

Kuna pia uhai wa mtu. Pampu inayowashwa kutoka Nakuru haijui kama mkono wa fundi uko kwenye kaplingi yake, kiungo kinachounganisha mota na pampu. Selekta, yaani swichi ya kuchagua mkono, zima au otomatiki, ibaki kwenye paneli, na kabla ya kugusa mashine kata umeme kwenye swichi kuu, tia kufuli, uweke ufunguo mfukoni. Floti ya tangi (swichi inayoelea juu ya maji) iendelee kuzima pampu kwa waya, mtandao uwepo usiwepo. Na kwa radi za Kericho na Kakamega, antena ya nje isiyo na kinga ya radi na athi ni hasara inayosubiri mvua.

Kuhusu sheria, na bila makala haya kuchukua nafasi ya wakili wako: moduli lazima iwe na idhini ya aina (kibali cha modeli ya kifaa) kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2010. Mwombe muuzaji nakala ya idhini hiyo kabla ya kulipa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 14, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuingia kwenye mfumo bila idhini. Kuuvuruga, kifungu cha 16, ni hadi milioni 10 au miaka 5. Mfumo ukiwa miongoni mwa ile ambayo sheria hii inaiita mifumo inayolindwa, kifungu cha 20 kinapandisha adhabu hadi milioni 25 au miaka 20. Fundi aliyemaliza mkataba na bado anaingia, naye yumo.

Mwendeshaji wa mfumo naye ana wajibu. Kifungu cha 40 kinataka shambulio liripotiwe kwa Kamati ya Kitaifa ya Uratibu wa Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ndani ya saa 24. Ukinyamaza, ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Usifute kumbukumbu za kidhibiti wala kurudisha moduli kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuripoti. Chomoa antena, peleka selekta kwenye mkono, andika saa uliyoona tatizo, kisha upige simu.