Binti wa Dracula si nakala ya baba yake

Kila nikisema tutaangalia filamu ya Dracula's Daughter ya 1936, sikosi mwanafunzi wa kunijibu: "Ile ya Bela Lugosi? Si ni yale yale tu, safari hii mnyonya damu ni mwanamke." Jibu moja, makosa mawili.

Lugosi, mwigizaji aliyekuwa Dracula katika filamu ya Dracula ya 1931, hayumo. Mwili wa Dracula unaouona ni sanamu la nta. Baada ya filamu ya 1931, Lugosi alirudi kuwa Dracula katika filamu ndefu mara moja tu, 1948, tena kwenye komedi ya wachekeshaji Abbott na Costello.

Linaloniudhi hasa ni hilo la "yale yale tu". Dracula wa 1931 hatafuti kuponywa hali yake. Binti yake, Countess Marya Zaleska, aliyeigizwa na Gloria Holden, anaichukia na anataka kupona. Anauiba mwili wa baba yake kituo cha polisi, anauteketeza usiku msituni akiamini laana itaungua nao. Kisha anakaa kwenye piano, ana furaha, anapiga wimbo wa utulivu. Mtumishi wake Sandor amesimama pembeni, na kila anachokitaja bibi yake anakiharibu. Akitaja mabawa ya ndege, Sandor anasema ni ya popo. Akitaja mbwa anayebweka mbali, Sandor anasema anabweka kwa sababu kuna mbwamwitu. Taratibu muziki wenyewe unageuka, mpaka mwanamke anaacha kupiga. Hakuna aliyeguswa, hakuna damu, na tayari umeshajua kwamba hajapona. Watu huipeleka mbele sehemu hii wakitafuta "vampaya atokee". Jamani, ndiyo huyo mbele yenu!

Baada ya hapo anamwendea daktari wa magonjwa ya akili, Garth, ambaye anamshauri akikabili kishawishi chake badala ya kukikimbia. Anajaribu. Sandor anamletea msichana maskini, Lili, eti awe kielelezo cha kuchorwa, na jaribio linamshinda. Filamu ya pili isiyokuwa na lolote jipya isingempeleka mnyonya damu kutafuta tiba.

Mengine ni mepesi. Wanaosubiri meno marefu watasubiri sana: hayaonekani hapa, wala kwa Lugosi 1931. Lili anapopiga kelele, kamera inampa kisogo na kupanda hadi kwenye kinyago kilichotundikwa ukutani. Jua kumuua mnyonya damu halikutoka kwa Bram Stoker. Katika riwaya yake Dracula hutembea mchana, nguvu zake tu ndizo hupungua. Jua linaloua lilikuja na filamu ya Nosferatu ya Ujerumani, 1922. Na anayemuua Zaleska si profesa mwenye kigingi. Ni Sandor, kwa mshale, kwa sababu uzima wa milele alioahidiwa yeye sasa anapewa Garth.

Ushauri wangu haubadiliki: angalia zote mbili jioni moja, ya 1931 kwanza. Ya pili inaanza pale pale ya kwanza ilipoishia, polisi wakimkamata profesa aliyemuua Dracula kwa kigingi, akiwa na maiti ndani ya nyumba na maelezo ambayo hakuna askari wa kuyaamini. Zote kwa pamoja hazifiki saa mbili na nusu. Zima taa, weka simu mbali, na sehemu ya piano usiiruke.