Bukot au Siket? Maswali na Majibu kuhusu Dodoso la Mgongo kwa Kiilokano

Dodoso la Oswestry ni nini?

Ni karatasi ya maswali 10 anayojaza mtu anayeumwa mgongo, na hapa tunaongelea kuitafsiri kwa Kiilokano, lugha ya kaskazini mwa Ufilipino. Daktari Jeremy Fairbank na wenzake waliichapisha mwaka 1980, ikabeba jina la mji wa Oswestry, Uingereza. Swali moja tu linahusu ukali wa maumivu. Mengine yanauliza maumivu yamekunyima nini: kuoga na kuvaa, kunyanyua mizigo, kutembea, kukaa, kusimama, kulala, tendo la ndoa, kujumuika na watu, kusafiri.

Wafilipino si wana Kitagalogi na Kiingereza?

Wengi wanazijua lugha hizo. Lakini kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Kiilokano ndicho cha nyumbani na sokoni, na mamilioni hukizungumza, wakiwemo wa Hawaii ambako Wailokano walianza kwenda kwenye mashamba ya miwa mwaka 1906. Mkulima wa tumbaku wa mkoa wa Ilocos Norte huko Luzon huumwa kwa Kiilokano.

Basi dodoso si litafsiriwe tu?

Hapo ndipo watu hukosea. Kiilokano kina *bukot*, mgongo, na *siket*, kiuno. Hata sisi tunatenganisha hivyo: muulize mama "mgongo unauma?" naye atakujibu "mgongo hauna shida, ni kiuno." Dodoso linalenga hasa sehemu ya chini ya mgongo. Ukichagua neno moja bila kuwasikiliza wagonjwa, mtu asiyeweza hata kuinuka kitini anaweza kuonekana mzima.

Tena kuna maili na yadi kwenye swali la kutembea, wakati Ufilipino wanapima kwa mita na kilomita. Swali la kunyanyua nalo linataja "mzigo mzito" bila kusema kilo ngapi, na mbebaji wa magunia ya mpunga ana kipimo chake mwenyewe cha kilicho kizito.

Kazi yenyewe hufanywaje?

Kwa kawaida wafasiri wawili hutafsiri kila mmoja peke yake, mmoja akiwa anaijua tiba na mwingine haijui kabisa. Tafsiri zao huunganishwa, kisha wengine wasioliona dodoso la awali huirudisha kwenye Kiingereza. Jopo hukaa kutazama maana ilipopotea. Halafu wagonjwa 30 hadi 40 hujaza na kueleza walivyoelewa kila swali. Kwangu mimi, hatua hii ya mwisho ndiyo roho ya kazi, na haifai kulipuliwa.

Alama huhesabiwaje?

Kila swali lina alama 0 hadi 5, na 5 ndiyo hali mbaya zaidi; jumla ni 50. Ukipata 18, una asilimia 36: kiwango cha kati, yaani kati ya 21 na 40. Sasa chukua mjane aliyeruka swali la tendo la ndoa kwa haya au kwa kuwa halimhusu. Alama zake 18 hugawanywa kwa 45, si 50, na anapata asilimia 40. Muuguzi asiyelijua hili atampunja.

Je, dodoso litaniambia naumwa nini?

Hapana. Linapima tu shughuli zilivyokushinda, na likirudiwa baadaye huonyesha kama tiba inasaidia. Ukiona mkojo au choo vinakutoka bila kujijua au haja ndogo inakataa kutoka, ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, au miguu inaishiwa nguvu, achana na karatasi, nenda hospitali mara moja.