Je, Wajua? Chama cha Kiislamu Kinavyoweza Kuketi Upande wa Kushoto

Swali lilizuka barazani Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, baada ya sala ya alasiri: chama cha siasa kinachotaka sheria ya Kiislamu iongoze dola, je, kinaweza pia kuwa cha mrengo wa kushoto, yaani cha kutetea usawa na wasio nacho? Nilijibu upesi kwamba hakiwezi, na nikatoa sababu mbili. Kwanza, watu wa kushoto hawaamini Mungu. Pili, Uislamu wa pwani yetu umelelewa na wafanyabiashara, na Mtume mwenyewe alifanya biashara, kwa hiyo mahali pake ni kulia, pamoja na wenye mali. Mzee mmoja aliyekuwa na kikombe cha kahawa tungu mkononi akaniuliza, "Na Nyerere, mwanangu, alikuwa akisali wapi?"

Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kusali kwelikweli, na ndiye aliyeongoza Tanzania katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa. Sababu yangu ya kwanza ilikuwa imekwisha kabla kahawa haijapoa. Baadaye niligundua kwamba hata neno lenyewe nililielewa kombo. Mwaka 1789, katika Bunge la Ufaransa, waliotaka mfalme awe na kura ya turufu waliketi kulia kwa mwenyekiti, na waliompinga wakaketi kushoto. Ugomvi ulikuwa juu ya nani ashike madaraka, si juu ya kuwepo kwa Mungu. Ni kweli kwamba wengi waliokuja baadaye, hasa wafuasi wa Marx, waliipiga vita dini, lakini huo ni ukoo mmoja tu katika mji wenye koo nyingi.

Na katika mji huo Waislamu wamo. Mustafa al-Siba'i, kiongozi wa Udugu wa Kiislamu nchini Syria, alichapisha mwaka 1959 kitabu kizima kuhusu ujamaa wa Kiislamu. Mwanafalsafa wa Misri, Hassan Hanafi, alianzisha mwaka 1981 jarida lililoitwa "Kushoto kwa Kiislamu". Lilitoka toleo moja tu, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuanzisha jarida atalielewa bila kuelezwa. Nchini Sudan, Mahmoud Mohammed Taha alihubiri Uislamu wa usawa na ujamaa, akazipinga sheria za Rais Nimeiri zilizotangazwa kwa jina la dini, na akanyongwa Januari 1985. Isidhaniwe kwamba watu hawa walikuwa kundi moja, kwa maana Taha na Udugu wa Kiislamu walikuwa mahasimu.

Sababu yangu ya pili ilichukua muda zaidi kuanguka, ingawa jibu lake liko Langoni, hatua chache kutoka barazani. Habib Saleh, aliyekuja Lamu kutoka Komoro na ambaye jina lake haliachani na Msikiti wa Riyadha, alifungua darasa lake kwa watu ambao waungwana wa mji hawakuwakaribisha katika elimu, wakiwemo waliotoka utumwani. Kumwita mtu wa mrengo wa kushoto kungekuwa kumvika kanzu isiyo yake. Lakini mtu hawezi kumkumbuka kisha akasema kwamba dini ya mji huu ilikuwa ya matajiri peke yao.

Sasa tukibuni chama cha namna hiyo, sera yake ya kwanza ingekuwa zaka, na hapa ndipo nilipokosea kuliko pote. Nilidhani zaka ni asilimia 2.5 ya mapato, yaani kodi nyepesi kuliko ile inayokatwa kwenye mshahara. Sivyo. Kwa fedha, zaka hutozwa juu ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutozwa, ambacho kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na iliyokaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo. Mwalimu anayepokea mshahara na kuumaliza kwa karo na unga hadaiwi kitu. Anayedaiwa ni yule ambaye fedha yake imelala.

Mfikirie mtu aliyefungia shilingi milioni 4 kashani. Mwaka wa kwanza atatoa 100,000. Mwaka wa pili, kwa kuwa zimebaki milioni 3.9, atatoa 97,500. Na akiendelea kuzilaza, baada ya miaka 28 zitakuwa zimepungua hadi chini ya nusu. Ni kama birika lenye ufa mdogo: asiyelijaza atalikuta limepungua, na anayetaka maji yake yabaki hana budi kuyatumia au kuyatia kwenye kazi. Jahazi linaonyesha jambo lile lile kwa sura nyingine. Chombo chenyewe, tanga lake na nanga yake, hakitozwi, kwa kuwa ni kifaa cha kazi. Shehena iliyonunuliwa ili iuzwe ndiyo inayotozwa. Shambani nako, mazao ya mvua hutoa sehemu ya kumi, na ya kumwagilia kwa gharama nusu ya hiyo, kwa kuwa jasho la mkulima limehesabiwa.

Chama chetu kisijisifu mno, hata hivyo. Viwango hivi vimewekwa, na waziri wa fedha hawezi kuvipandisha bajeti ikipwaya. Wanaopewa zaka nao wametajwa katika Kurani, makundi manane. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya dini, nao hawakubaliani katika kila jambo: kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi huku kwetu, bangili za dhahabu za kuvaa za kadiri ya kawaida hazina zaka, ilhali wale wa madhehebu ya Hanafi huzitoza. Kuhusu kukodisha shamba, suala linalowagusa maskwota wa Malindi kuliko zaka, zimo hadithi za Mtume za kukataza na hoja za kuruhusu, na chama cha kushoto kingeshika zile za kwanza kwa mikono miwili.

Nchini Kenya chama hicho kisingesajiliwa. Chama cha Kiislamu cha Kenya kilichoanzishwa Mombasa mwaka 1992 kilinyimwa usajili, na Katiba ya 2010, Kifungu cha 91, inakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini. Kodi ya mali iliyolala, kwa upande mwingine, haihitaji jina la dini ili iandikwe katika ilani ya chama chochote.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kuhusu mashua yake anayowakodisha watalii: ni jahazi au ni shehena? Nilimjibu kwamba kwa rai ya wanazuoni wengi mashua haitozwi, bali fedha ya kuikodisha itakayofikia nisabu na kulala mwaka. Akacheka, akasema kwake fedha ya mashua haijapata kulala hata usiku mmoja.